Mfuko wa Pili wa Hondohondo

— Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa gani? Mmekula, mmeshiba, na bado sauti zinawatokea puani. Mbelwa, tua hilo gunzi, mahindi hayakimbii. Tuanze upya. Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa mkoba!

— Mkoba wa nani?

— Wa mwenye mdomo mrefu. Una mifuko mingapi?

— Miwili!

— Na akibakiza kitu?

— Kibaki naye!

Hapo sawa. Endeleeni kupukuchua huku mnasikiliza, maana hadithi hii kila nikiisimulia napandwa na hasira, na nikipandwa na hasira sipendi kuona mikono imekaa bure.

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege waliishi kijiji kimoja kilichoitwa Mbugakavu. Walilima pamoja, walivuna pamoja, na mbegu za msimu ujao waliziweka pamoja katika kihenge kimoja kikubwa cha fito, kilicholazwa juu ya magogo katikati ya kijiji. Na walikuwa na mwiko wao: kihenge cha mbegu hakisogezwi, hakiinuliwi, hakichunguliwi chini mpaka siku ya kupanda. Nani aliuweka mwiko huo? Hakuna aliyejua. Waliukuta, wakaushika.

Walikuwa pia na baraza. Hakimu wa baraza alikuwa Kiboko. Simsemi vibaya, alikuwa hakimu mwenye nia njema, ila alikuwa na shida moja: ngozi yake ikikauka inapasuka. Basi alikuwa akitoka bwawani amelowa chepechepe, anasikiliza kesi, na ngozi ikianza kukauka anapiga kelele, "Fupisheni! Ngozi yangu inakauka!" Ikikauka kabisa, kesi imekwisha. Mwenye haki na asiye na haki, wote kwaherini.

Tena walikuwa na Mwendesha Mashtaka, naye ni Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Jambo likitokea, yeye ndiye anayekwenda kuchunguza, na yeye ndiye anayemfikisha mtu barazani. Shingoni alining'iniza mkoba wa kazi, mkoba wa mifuko miwili. Chochote alichokiona au kukisikia kinachomwelemea mshtakiwa, alikitia mfuko wa kwanza. Chochote kinachomtetea mshtakiwa, alikitia mfuko wa pili. Siku ya kesi humimina mifuko yote miwili juu ya jamvi, watu wote wakiona, kisha anaapa:

"Nilichokiona nimekileta. Nilichokisikia nimekileta. Nikibakiza kitu, kibaki nami."

Mnaona? Wazee walioushona mkoba ule hawakuwa wajinga. Walijua kwamba Mwendesha Mashtaka ana mabawa, anafika kila mahali kabla ya wengine. Mshtakiwa hana mabawa. Mshtakiwa amekaa pale pale, analindwa, anangoja aambiwe kosa lake.

Haya. Mwaka mmoja jua liliwaka mpaka ardhi ikapasuka nyufa za kutosha kuingiza mguu. Watu walishindia mizizi. Lakini mawingu yalianza kujikusanya upande wa milimani, kila mtu akasema, tuvumilie, mbegu tunazo. Asubuhi moja Kanga, mtunza kihenge, akapanda juu, akafunua kifuniko. Akatazama. Akatazama tena.

"Uwiiii! Jamani njooni! Mbegu zimeibwa!"

Kijiji kizima kikajaa pale. Mtama umepungua, nusu haipo. Na bila mbegu hakuna shamba, na bila shamba ni njaa mwaka mwingine mzima.

"Nani?" akauliza Ngiri.

"Nani?" akauliza Pundamilia.

"Nani? Tumpate leo leo!" wakapiga kelele nyani, ambao ndio waliokuwa mgambo wa kijiji.

Hondohondo akaruka juu ya kihenge, akatutumua kifua. "Jamani, tulieni. Kabla jua halijazama nitawapa mwizi. Mimi tangu nianze kazi hii sijashindwa hata mara moja."

Hapo! Hapo ndipo alipoharibu, wajukuu zangu. Asubuhi ile hajainama, hajauliza, hajagusa hata jani, ameshaahidi mwizi. Angeahidi kuwaletea ukweli, ningemuelewa. Yeye aliahidi mwizi!

Basi akazunguka kihenge mara moja. Akaona mwiba mweusi na mweupe umelala kando ya gogo. Ni mwiba wa nungunungu. Akautia mfuko wa kwanza. Je, alijiuliza ulidondoka lini? Hakujiuliza. Siku ya mavuno kila mtu alibeba vikapu kuvileta pale, na Nungunungu akitembea hudondosha miiba, wala hajui, kama wewe Mwantumu unavyonidondoshea punje za mahindi kila kona ya nyumba yangu.

Akaruka mpaka kwa watu. "Nimempata! Ni Mama Nungunungu!"

"Lisemwalo lipo!" akasema Ngiri. Methali yenyewe nayo wakaitumia vibaya, maana kabla ya dakika ile hakuna aliyekuwa amesema lolote.

"Hata mimi nilimwona amenenepa," akasema Pundamilia.

Amenenepa! Mama mwenye watoto wawili wachanga, wanamnyonya mchana na usiku, mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya bwawa. Amenenepa. Watu wakishataka mwizi, jamani, hata mifupa wanaiona mafuta.

Nyani wakaenda kumkamata. Hondohondo akarudi kwenye kihenge kutafuta kitu kingine cha kujazia mfuko wa kwanza. Akasikia sauti ndogo kutoka chini ya magogo.

"Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka. Shikamoo."

Alikuwa Konokono, anachomoza kichwa kwenye ufa wa ardhi.

"Marahaba. Sema upesi."

"Upesi siwezi," akasema Konokono, "lakini nitasema. Mbegu hazikuibwa. Mchwa wametoboa sakafu ya kihenge. Mbegu zinadondoka humu ufani. Siku tisa zinaninyeshea mgongoni. Siku ya kwanza nilidhani ni mvua, nikashukuru. Kipande cha ufito uliotafunwa ni hiki hapa."

Hondohondo akawaza. Kama hakuna mwizi, atawaambia nini watu? Jina ameshalitaja. Nyani wameshaanza kukanda udongo wa kuzibia pango, maana ndiyo ilikuwa adhabu ya Mbugakavu: unatiwa pangoni kule kilimani, mlango unazibwa kwa udongo, unaachiwa upenyo wa kupitishia kibuyu cha maji na mzizi mmoja kwa siku.

Akamchukua Konokono. Akachukua na kipande cha ufito. Akavitia vyote mfuko wa pili. Mpaka hapo, nawaambia, alikuwa hajakosa bado. Mfuko wa pili ndio kazi yake hiyo.

Lakini akapitia nyumbani kwake, kwenye tundu la mti, kwa mkewe Bi Hondo.

"Mke wangu, nishonee mfuko huu."

"Umechanika wapi?"

"Haujachanika. Ushone mdomo."

Bi Hondo alikuwa fundi hodari wa kushona. Mkoba ule hautiwi mkono na mtu mwingine yeyote, ni mwiko, basi akashonea kwa nje. Akapitisha mshono wa kwanza. Ndani kikagonga: ko, ko, ko.

"Mume wangu, kuna kitu kinagonga."

"Shona."

Akapitisha mshono wa pili. Ko, ko, ko.

"Mume wangu, kitu chenyewe kina uhai?"

"Shona, mke wangu, jua linazama."

Akapitisha mshono wa tatu, akakata uzi kwa mdomo. Msinitazame hivyo. Namlaumu, ndiyo, namlaumu sana. Alisikia, akauliza, hakujibiwa, akashona. Wangapi wetu hatujashona mshono huo? Ila yeye alijilaumu kabla yangu, na mtaona alichokifanya.

Jioni ile baraza likakaa kando ya bwawa. Hakimu Kiboko akatoka majini anachuruzika. Mama Nungunungu akasimamishwa mbele, watoto wake wawili wamejibanza chini ya tumbo lake.

Hondohondo akamimina mfuko wa kwanza. Mwiba ukaanguka juu ya jamvi. Watu wakaguna, "Aaaa!"

"Mama, una la kusema?" akauliza Hakimu.

"Mheshimiwa, mwiba ni wangu. Siku ya mavuno nilibeba vikapu. Kila mtu alibeba. Wenzangu hawana miiba ya kudondosha. Hilo ndilo kosa langu?"

Lilikuwa swali zuri. Nani alilijibu? Hakuna.

"Mfuko wa pili?" akauliza Hakimu.

"Nimeushona, Mheshimiwa. Ulikuwa mbovu. Hauna kitu."

Sasa, pale kando ya bwawa palikuwa na unyevu, na Konokono akipata unyevu huchangamka. Mkoba ukagonga: ko, ko, ko.

"Nini kinagonga?"

"Ni moyo wangu, Mheshimiwa," akasema Hondohondo, akaweka bawa kifuani. "Unagonga kwa uchungu wa mbegu zetu."

Watu wakampigia makofi. Makofi! Jamani, nyie! Shahidi anagonga mlango, wao wanapiga makofi!

"Fupisheni! Ngozi yangu inakauka!" akasema Hakimu. "Apa, tumalize."

Hondohondo akaapa, bila hata kikohozi: "Nilichokiona nimekileta. Nilichokisikia nimekileta. Nikibakiza kitu, kibaki nami."

"Mama Nungunungu afungiwe pangoni mpaka mavuno," akasema Hakimu, huku mguu mmoja uko majini. "Watoto wabaki nje. Wao hawakuiba."

Ati huo ndio ulikuwa upande wake wa huruma. Watoto wa kunyonya wabaki nje, kwa kuwa hawana hatia! Nachoka mie.

Nyani wakamtia pangoni, wakaziba. Kesho yake asubuhi Bi Hondo akaamka na sauti inayotoka kilimani. Watoto wa Nungunungu wamelala nje ya ukuta wa udongo, wanalia. Na mama yao kutoka ndani anawajibu, "Nipo. Nipo. Nipo."

"Mume wangu," akasema Bi Hondo, "jana kulikuwa na nini mfukoni?"

"Mambo ya kazi."

"Kulikuwa na nini?"

"Mke wangu, chai yangu iko wapi?"

"Kulikuwa na nini?"

"Konokono," akasema Hondohondo, akamweleza yote. Akaeleza na kucheka kidogo, mnajua kile kicheko cha mtu anayetaka mwenzake acheke naye. Bi Hondo hakucheka.

Sasa Mbelwa amenyoosha kidole. Eti kwa nini Bi Hondo hakwenda barazani mwenyewe? Alikwenda! Mnadhani wanawake wa zamani walikuwa magogo? Alikwenda mpaka bwawani, akamwita Hakimu. Yakatoka masikio mawili na pua.

"Mheshimiwa, kuna ushahidi haukuletwa."

"Ushahidi huletwa na Mwendesha Mashtaka."

"Ndiye aliyeuficha."

"Basi mlalamikie."

"Kwa nani?"

"Kwa Mwendesha Mashtaka," akasema Hakimu, akazama.

Mnaona kazi hiyo? Unapewa njia, unaifuata, inakurudisha ulikotoka.

Bi Hondo akapita kilimani, akawakuta watoto, akawapangusa machozi. Akateremka kwenye shimo nyani walikochimba udongo wa kuzibia pango, akajaza mdomo. Akarudi nyumbani, akaingia ndani ya tundu lake, akaanza kuziba mlango kutokea ndani. Akaziba, akaziba, akaziba, ukabaki upenyo mwembamba wa kutosha ncha ya mdomo.

Hondohondo akarejea kutoka kazini. "Mke wangu! Umefanya nini?"

"Nimeshona," akasema Bi Hondo. "Si uliniambia nishone? Nimeshona."

"Utakula nini humo?"

"Utaniletea. Na sitoki mpaka umimine mfuko wa pili."

Hondohondo akadhani ni hasira za muda. Akaleta tini za porini, akapitisha kwenye upenyo.

"Tini nimepokea," akasema Bi Hondo. "Mfuko je?"

"Mke wangu, kesi imekwisha. Hakimu ameshasema."

"Basi nenda. Na kesho uje na chakula."

Siku ya pili akaleta panzi, wanono, wa kuchagua.

"Panzi nimepokea. Mfuko je?"

"Watu watasemaje? Tangu nianze sijashindwa hata mara moja!"

"Mfuko je?"

"Mke wangu, hujui ugumu wa kazi yangu."

"Najua. Niliushona kwa mkono wangu. Nenda."

Hondohondo akazurura kijijini. Kila alipopita watu walimsalimia, "Shujaa wetu!" Na kila alipotua mkoba ukagonga, ko, ko, ko, ila sasa kwa unyonge. Usingizi ukampaa. Chakula chote alichokipata alikipeleka kwenye upenyo, akakonda yeye.

Siku ya tatu akaleta asali kwenye jani. Akaipitisha. Alisubiri aulizwe kama kawaida, lakini mkewe hakuuliza.

"Mke wangu? Upo?"

"Nipo. Nasikiliza," akasema Bi Hondo. "Juzi niliwasikia watoto wanalia, na mama yao anawajibu. Jana niliwasikia kwa mbali. Leo sisikii mtoto wala mama. Na huyo wa mfukoni, bado anagonga?"

Hondohondo akainamisha kichwa juu ya mkoba, akasikiliza. Kimya. Akautikisa. Kimya.

"Mke wangu, nikifumua leo, nani ataniamini tena?"

Bi Hondo akatoa ncha ya mdomo nje ya upenyo. "Nani alikutuma ushinde, wewe? Hebu niambie. Nani? Ulitumwa kuleta! Ulichokiona ulete, ulichosikia ulete, basi. Kushinda umejituma mwenyewe, na mtoto wa mwenzio anakufa kilimani kwa ajili ya kushinda kwako!"

Hondohondo akaukamata mkoba. Akaruka, akaenda moja kwa moja bwawani, akapiga ukelele ambao mpaka leo mnausikia: "Hooo! Hooo! Hooo!" Watu wakatoka mbio, wakidhani kapatikana mwizi mwingine. Hakimu Kiboko akapanda ufukoni.

"Kuna nini tena? Kesi imekwisha."

"Mheshimiwa, nilibakiza."

"Ulibakiza nini?"

Hondohondo akainamia mkoba wake mbele ya watu wote. Akafumua mshono wa kwanza. Akafumua wa pili. Akafumua wa tatu. Vikaanguka juu ya jamvi kipande cha ufito na Konokono, kajifungia ndani ya gamba lake, mkavu.

"Huyu ndiye shahidi," akasema Hondohondo. "Moyo wangu haukugonga siku ile. Ni yeye."

Wakangoja Konokono atoke. Hakutoka. Wakangoja. Ngiri akapiga miayo. Hakimu akaanza kujikuna. "Fupisheni! Ngozi yangu inakauka!"

"Mheshimiwa, subiri kidogo," akaomba Hondohondo.

"Siwezi kusubiri. Inakauka! Imekauka! Kesi imek—"

Chwaa! Kanga, yule mtunza kihenge, amechota kibuyu cha maji, amemmwagia Hakimu mgongoni. Hakimu akashtuka, akajigusa, akaona amelowa tena.

"Alaa," akasema. "Naweza kuendelea."

Kibuyu! Kibuyu kimoja cha maji! Miaka mingapi watu wamehukumiwa mbiombio kwa sababu ya ngozi ya Kiboko, na maji yako hatua tatu! Hakuna aliyefikiria. Ngojeni nivute pumzi.

Basi maji yale yalirukia jamvini, yakamwangukia Konokono. Ikatoka pembe moja. Ikatoka ya pili. Kikatoka kichwa.

"Nilikuwa nagonga," akasema Konokono. "Hamkusikia?"

Hakuna aliyemjibu, maana walisikia, wakapiga makofi.

Konokono akaeleza habari ya mchwa, akaeleza habari ya ufa. Hakimu akasema kihenge kiinuliwe. Mnadhani kiliinuliwa? Ngiri akasema ni mwiko. Pundamilia akasema babu yake hajawahi kuona kihenge kikiinuliwa. Mama wa watu yuko pangoni, wao wanabishana habari za babu! Mpaka Hakimu akanguruma, na Kanga akammwagia kibuyu cha pili ili asichoke kunguruma. Kikainuliwa.

Mbegu zilikuwepo. Zimejaa ufani, nyekundu, zinang'aa, wala hazikupotea nyingi. Zilikuwa chini ya miguu yao siku zote, na katika kijiji kizima hakuna aliyeinamisha shingo.

Watu wote wakapanda kilimani. Nyani wakabomoa ukuta. Mama Nungunungu akatoka anapepesa macho, miiba imemlala mwilini. Hakumwangalia mtu. Akawaendea watoto wake, ambao walikuwa wamelala hapo wanahema kidogo kidogo, akawalalia ubavu wanyonye. Wakanyonya. Wakaacha. Wakanyonya tena, wakaacha.

Maziwa yalikuwa yamekauka.

Kanga akakimbia kijijini, akapika uji mwepesi wa mtama, wa mbegu zile zile, akauleta, wakanyweshwa kwa jani tone kwa tone. Walipona, msiniangalie kwa machozi. Walipona, lakini walikua wadogo wa mwili, na mpaka leo ukoo ule hauwafikii wenzao.

Hondohondo akasogea, mkoba wake umefunguka, mfuko wa pili unaning'inia. "Mama Nungunungu," akasema, "nisamehe. Sasa nimeleta kila kitu. Sijabakiza."

Mama Nungunungu akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Mbegu umeleta," akasema. "Konokono umemleta. Siku zangu tatu ziko mfuko gani?"

Hondohondo akapanua mdomo wake mkubwa ule. Hakikutoka kitu. Akaufumba. Akaupanua tena. Hakikutoka kitu. Aliapa mwenyewe, si nyinyi mlimsikia? Alibakiza, siku hizo zikabaki naye.

Mbelwa, najua unataka kuuliza. Hapana, Hondohondo hakufungwa. Alirudi kazini wiki hiyo hiyo. Hakimu alisema hakuna mwingine anayejua kazi. Na wale waliompigia makofi siku aliyodanganya, walimpigia tena siku aliyosema kweli, makofi yale yale.

Lakini Bi Hondo alisema, "Mimi simwamini tena mtu kwa kiapo." Akabomoa mlango, akatoka, ila kila mwaka akikaribia kutaga huingia tunduni, akajiziba kwa udongo, akaacha upenyo. Mumewe anamletea tini, anamletea panzi, anatoka jasho. Na kila akileta anaulizwa, "Nimepokea. Mfuko je?" Nendeni porini mkaangalie kama nasema uongo. Mtamkuta dume amening'inia nje ya tundu, na ncha ya mdomo wa mkewe imetokeza upenyoni. Anajibu swali hilo.

Mimi nami, babu yenu alipouza mbuzi tuliyemweka kwa ajili ya kesi ya ndugu yangu bila kuniambia, nilijifungia chumbani nikasema sitoki mpaka aseme kweli. Akapika ugali, akala peke yake, akalala. Kwa hiyo msijaribu kabla hamjajua mmeolewa na nani.

Haya, funzo lake ni hili, na mlishike maana sitarudia: anayepewa kazi ya kumshtaki mwenzake hakupewa kazi ya kumshinda. Na wewe unayesikia kitu kinagonga, usipige makofi. Uliza ni nini.

Nimemimina mfuko wa kwanza, nimemimina wa pili. Kung'uteni wenyewe muone. Aliyebakiza mahindi hajapukuchua, yabaki naye, na asiamke kesho akaniomba ugali.